Maswali ya wasomaji: Kijani cha kuta za zahanati

SWALI: Tunapaka upya chumba cha kusubiria cha zahanati yetu, mita 6 kwa 4, kimo mita 3. Kuta nyeupe zinaumiza macho mchana, na kamati imekubaliana tupake kijani kwa kuwa kinatuliza. Tununue kijani kipi, na kiasi gani? — Mwanakamati, Handeni

JIBU: Uamuzi ni mzuri, ila kijani hakitibu, kinapunguza mng'ao. Daktari mpasuaji Harry Sherman wa San Francisco alikipaka chumba chake cha upasuaji kijani cha mchicha mwaka 1914, kwa sababu jicho lililokazia damu muda mrefu likihamia kwenye weupe huona madoa ya kijani. Chumba cha kusubiria hakina damu, na kijani kizito namna hiyo kitakitia giza. Chukueni kilichopauka chenye ukijivu kidogo, kama mchaichai uliokauka. Dari ibaki nyeupe.

Msichague kwa kadi ya dukani, maana rangi ikijaa kuta nne huonekana nzito kuliko kwenye kipande kidogo. Pakeni ubao wa mita 1 kwa 1 mikono miwili, yaani tabaka mbili za rangi, mkautazame asubuhi, alasiri, na usiku taa zikiwaka. Taa za LED zenye weupe wa kibuluu huufanya ukuta uonekane wa baridi. Za kelvini 4,000 (kipimo cha rangi ya mwanga, huandikwa kwenye boksi la taa) zinafaa zaidi.

Kuanzia sakafuni hadi mita 1.5 pakeni rangi ya mafuta, maana huko ndiko migongo na mikono inakogusa na ukuta utafutwa kila mara. Juu yake rangi ya maji isiyong'aa. Mkiondoa mlango na madirisha, chini kunabaki takriban mita za mraba 28 na juu 24. Lita 1 ya mafuta hufunika kama mita 12 kwa mkono mmoja, ya maji kama 10. Kwa mikono miwili ni lita 5 za kila aina: galoni ya lita 4 na kopo la lita 1. Rangi ya aina moja imwagwe yote kwenye ndoo moja na kukorogwa kabla ya kuanza, la sivyo ukuta utakuwa na kijani cha namna mbili.

SWALI: Plasta yetu ina wiki mbili. Fundi anasema rangi ya mafuta ipakwe sasa. — Msomaji, Voi

JIBU: Mzuieni. Saruji mbichi ina magadi, na magadi yakikutana na mafuta ya rangi hufanya sabuni: ukuta unanata, kijani kinafifia kwa madoa, kisha rangi inabanduka. Subirini siku 28 kwa uchache. Halafu bandikeni nailoni ya sentimita 50 kwa 50 kwa utepe wa gundi pande zote usiku kucha. Asubuhi mkikuta matone ndani yake, ukuta bado. Ukikauka, pigeni msasa, futeni vumbi, na pakeni praima, yaani rangi ya msingi, inayostahimili magadi kabla ya rangi yenyewe.

SWALI: Na chumba cha daktari, nacho kijani? — Msomaji, Tanga

JIBU: Hapana, hasa karibu na kitanda. Ukuta wa kijani hurusha mwanga wa kijani kwenye ngozi, na daktari anayetafuta umanjano wa macho au weupe wa upungufu wa damu anaweza kudanganyika. Hapo pakeni rangi ya maziwa.