Mnaoanza ufundi simu upande wa programu, mwenye simu ndio mwenye maamuzi

Wadogo zangu mnaoingia kwenye ufundi simu sasa hivi, hasa nyie mnaotaka upande wa programu na sio vioo na mfumo chaji, nawaandikia haya baada ya miaka mingi ya kukaa mezani Kariakoo, na bado naona vijana wapya wanafungua meza pale mtaa wa Aggrey, mtu ana laptop, ana boksi la kufungulia simu, ana waya za kila aina, alafu simu ya mteja anaifomati bila kuuliza chochote. Mnaniuliza sana boksi gani linafungua simu nyingi na krediti za kulitumia zinanunuliwa wapi, sawa, hayo utayajua haraka tu. Swali ambalo haliulizwi ndio kazi yenyewe: ndani ya hii simu kuna nini, na nani ana haki ya kuamua kinachofanyika humo?

Simu moja ya laki mbili na nusu inagombaniwa na wengi jamani. Google yumo, kiwanda kimo na aplikesheni zake zisizofutika, mkopeshaji yumo kama ni simu ya mkopo, kila programu iliyoomba ruhusa imo, na sasa umeingia na wewe fundi. Mwenye simu aliyetoa hela yake ndio anaulizwa mwisho au haulizwi kabisa. Mimi kipimo changu cha fundi ni hicho tu, mteja akitoka kwako ana nguvu zaidi juu ya simu yake au amepungukiwa.

Tuanze na data maana hapo ndipo watu wanaumizwa. Simu imezidiwa, inakwama kwama, mkono wako unakimbilia kwenye rikavari, ile menyu ya dharura ya simu, ufute kila kitu. Acha kwanza. Muulize mteja namba za watu wake ziko wapi, kwenye laini, kwenye simu au kwenye akaunti ya Google, na wengi hawajui kwa hiyo usiridhike na "zipo tu", kama simu inawaka fungueni pamoja muangalie. WhatsApp ingia kwenye setingi za chati uone bakapu ya mwisho ni ya lini, mara nyingi utakuta ni ya zamani au haipo kabisa kwa sababu nafasi ya Google imejaa, maana ile GB 15 ya bure siku hizi inabeba barua pepe, picha na WhatsApp vyote pamoja. Humo kuna picha za mtoto aliyefariki, kuna utafiti wa mwanafunzi, kuna namba za wateja wa mtu anayeuza dagaa kutoka Kigoma ambazo hajaandika popote pengine. Programu ya simu unairudisha muda mfupi tu, hivyo vitu havirudi.

Na mwambie mteja ukweli hata kama ukweli unakukosesha kazi. Anakuja mtu amesahau patani anasema fundi nitolee ila picha zisipotee. Simu zote zilizotoka kiwandani na Android 10 kwenda juu data zake zimesimbwa, na ufunguo wa hizo data umefungamana na chipu ya simu pamoja na pini au patani ya mwenyewe, kwa hiyo ukifuta ili kutoa patani ule ufunguo nao umekwenda na hakuna programu ya kurudisha picha itakayokusaidia. Yule fundi anayesema "acha hapa uje jioni nitajaribu" huku anajua anaenda kufuta anamuibia mtu nafasi ya kukumbuka. Mimi namwambia nenda nyumbani, tulia, jaribu kukumbuka uliibadilisha lini, muulize mtoto anayeichezea, ukishindwa kabisa ndio uje tufute na uwe umekubali mwenyewe.

Sasa kuflashi, yaani kuipakia simu programu yake upya. Kwa Samsung, Odin, programu ya kompyuta ya kuflashia, inataka mafaili ya BL, AP, CP na CSC ambayo ni sehemu nne za programu ya simu, na hapo kwenye CSC kuna mawili, HOME_CSC inabakiza data za mteja na CSC ya kawaida inafuta. Ni faili moja tu la kuchagua, na vijana wengi hawajui tofauti kwa sababu waliangalia video ambayo aliyerekodi alikuwa anaflashi simu yake mwenyewe tupu. Tecno, Infinix na itel ambazo ndio tunaletewa kwa wingi, zote za kampuni moja ya Transsion, nyingi zinatumia chipu za MediaTek au Unisoc, na kwenye SP Flash Tool, programu ya kuflashia za MediaTek, kuna chaguo linaitwa Format All + Download. Ukilibonyeza bila kuchukua kwanza bakapu ya NVRAM, pale inapotunzwa IMEI ambayo ni namba ya utambulisho wa simu, IMEI inapotea na simu inaanza kuandika Invalid IMEI, inawaka vizuri, inapiga picha, ila laini haishiki mtandao. Kaa na Download Only mpaka uwe na sababu ya maana ya kutoka hapo, na NVRAM uihifadhi kila mara, kila mara nasema, hata kama mteja ana haraka na nje kuna foleni.

Na ukishafika kwenye IMEI umefika kwenye sheria. Kurudisha namba ile ile iliyoandikwa kwenye boksi la simu na kwenye kibandiko chake ni ukarabati, lakini kuandika namba nyingine ni kosa kwa sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya mwaka 2010, na wote tunakumbuka Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu feki, watu waliamka simu hazina mtandao. Kabla hujagusa simu iliyokuja imezimwa mtandao piga *#06# upate IMEI alafu tuma hiyo namba kwenda 15090 ujue unashughulika na nini. Simu ya wizi inaletwa ikiwa na hadithi nzuri sana, mwenye simu ni shangazi yuko Mbeya, boksi limepotea kwenye kuhama. Kile kizuizi cha akaunti ya Google baada ya kufuta simu, tunachokiita FRP, kilikuja na Android 5.1 mwaka 2015 kumlinda mtu aliyeibiwa, na wewe ukikitoa kwa kila anayekuja na hela unamfanyia kazi mwizi. Omba risiti, omba boksi lenye IMEI inayolingana, andika jina na namba ya aliyeleta. Atakayenuna mwache anune.

Simu za mkopo nazo. Kijana anakuja simu imefungwa kwa sababu marejesho ya wiki hayajalipwa, anataka utoe kifungio. Usifanye. Mkataba alisaini, na mpaka amalize deni simu ina mwenye haki mwingine, hiyo utapata kesi kwa hela ndogo. Ila aliyemaliza deni na simu bado inajifunga ana haki zake zote, huyo mkusanyie risiti zake za malipo mwelekeze kwa mkopeshaji adai kufunguliwa, na asiondoke pale mpaka kile kifungio kimetolewa kabisa kwenye simu sio kulazwa tu.

Kuruti, yaani kuchukua mamlaka yote ya mfumo, na kufungua butiloda, yaani programu inayowasha simu ikubali mfumo mwingine, najua mnapenda, hata mimi napenda, kuna raha ya kuona simu ambayo kiwanda kimeiacha bila masasisho inaamka na LineageOS, mfumo huru wa Android, mradi ambao ulianza mwishoni mwa 2016 baada ya mtangulizi wake CyanogenMod kufa na unatunzwa na watu wanaojitolea duniani kote. Hapo ndio unaona simu kweli ni ya mwenyewe. Lakini mwambie mteja bei yake kabla. Kufungua butiloda kunafuta data zote. Kwenye Samsung kuna alama ya usalama ya Knox ambayo ikishageuka kutoka 0x0 kwenda 0x1 hairudi tena maisha, na Secure Folder, ile folda ya siri, ndio basi. Huawei waliacha kutoa kodi za kufungulia mwaka 2018, Xiaomi huwa wanakusubirisha siku kadhaa kabla ya kukuruhusu. Na kubwa kuliko yote ni aplikesheni za benki, nyingi zinauliza Google kama simu iko sawa na zikijibiwa butiloda iko wazi zinagoma kufunguka. Mtu anayepokea mshahara kwenye simu umemfanyia ubunifu wako alafu jioni benki haifunguki, hata kama LineageOS inaruka kama upepo huyo umemharibia.

Kwa wateja wengi huhitaji kwenda huko kote. Washa chaguo za wasanidi (Developer options) kwa kugonga namba ya muundo (Build number) mara 7, chomeka waya, na kwa adb shell, zana ya kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta, unaandika pm uninstall --user 0 na jina la kifurushi, ile takataka ya kiwanda inayokula bando na kuleta matangazo kwenye skrini inaondoka kwa mtumiaji bila kuruti. Faili lenyewe linabaki kwenye mfumo kwa hiyo mteja akirejesha simu kama ilivyotoka kiwandani inarudi, na mwambie hivyo asije kushangaa. Ila usifute usichokijua! Ukitoa kiini cha mfumo simu inazunguka kwenye logo na umejitengenezea kazi ya bure. Tafuta jina la kifurushi kwanza, soma ni la nini, zima kwanza badala ya kufuta, subiri siku mbili.

Alafu ruhusa. Hili ndilo mafundi wanaliruka na ndilo lingesaidia watu zaidi ya yote. Tangu Android 6 mwaka 2015 programu lazima iombe ruhusa ikiwa inatumika, na Android 12 inakuwashia kitone cha kijani juu ya skrini kamera au maiki ikitumika, lakini mteja anabonyeza Ruhusu kila kitu kwa sababu hakuna aliyewahi kumueleza. Kaa naye dakika tano. Fungueni ruhusa ya majina na SMS muone nani anazo. Hapo ndipo mnakutana na zile aplikesheni za mikopo zinazonyonya orodha yote ya namba alafu mtu akichelewa siku moja wanampigia mama mkwe na bosi wake, aibu isiyo na mfano. Benki Kuu (BoT) Novemba 2024 walitangaza orodha ya aplikesheni 69 za mikopo zisizo na leseni, na Google mwaka 2023 walizikataza za Play Store kusoma majina na picha, kwa hiyo ukikuta ya mkopo imewekwa kwa faili la APK, yaani nje ya Play Store, kutoka kwenye linki ya WhatsApp ujue kwa nini. Ruhusa ya ufikivu (Accessibility) ndio mbaya kuliko zote, programu ikiipata inasoma kila kilichoko kwenye skrini na inaweza kubonyeza badala ya mtu, pini za pesa na zenyewe humo humo. Kama sio ya mtu mwenye uhitaji wa kuona au kusikia, au programu mnayoijua vizuri, itoeni.

Na zile WhatsApp za rangi rangi zisizo rasmi, GBWhatsApp na FMWhatsApp, msimuwekee mteja hata akiomba. Mwaka 2021 Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walikuta toleo la FMWhatsApp limebeba virusi vya Triada. Mueleze, akitaka akaweke mwenyewe.

Mambo ya siri za watu sitaki kuyazungusha. Usifungue picha, usisome meseji, pini ya M-Pesa usiiulize kamwe, laini mteja atoe aondoke nayo. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 imeanza kazi Mei 2023 na inakuhusu hata kama meza yako ni ya mbao chini ya mwavuli.

La mwisho ni Gmail. Mtu ananunua simu, muuzaji anasema ngoja nikufungulie Play Store, anatengeneza akaunti haraka haraka, nywila anaijua yeye au haikumbuki hata yeye, namba ya kurejesha ni ya duka. Baadae simu inafutwa, FRP inaomba hiyo akaunti, na mwenye simu halali anaonekana mwizi mbele ya simu yake mwenyewe, na namba zake za watu ziko kwenye akaunti asiyoweza kuingia. Nawaomba sana hii tuikomeshe sisi. Kabla ya kumrudishia simu fungua muone akaunti gani imo, toa yako ya majaribio kama uliingiza, nywila aandike yeye kwa kidole chake huku wewe umegeuka pembeni, namba ya kurejesha iwe ya laini yake, na jina la akaunti mwandikie kwenye karatasi kwa herufi kubwa akaiweke na cheti cha kuzaliwa. Akiwa ni mzee asiyesoma mwambie aje na mtu wake anayemwamini, kazi isubiri mpaka kesho.