Afisa amehamishwa, barua yetu ya mtaro iko wapi?

Ndugu yetu wa Gadeni, mtaa wa mji wetu wa Amu (Lamu), ameuliza hivi: msimamizi wa wadi aliyekuwa akiwasikiliza amehamishwa, mkuu wa wafagiaji amestaafu, na kaimu aliyeketi sasa anasema hana habari yoyote ya mtaro ambao watu wa mtaa waliuandikia barua kabla ya masika. Anataka kujua kama waanze upya. Tena anauliza kwa nini habari za ofisi huwafikia barazani kwa uvumi, siku nyingi kabla hawajaona karatasi. Wengi hapa wamemjibu kwa kulaumu siasa. Mimi nimefanya kazi ya masijala, panapopokelewa na kutunzwa barua na mafaili, katika ofisi ya umma hapa Pwani miaka 26, na nimeona maafisa wakija na kuondoka hadi nimewasahau wengine majina. Nitajibu kwa nilichokiona.

Tujue kwanza nani ni wa nani, maana nimeona watu wakipanda boti hadi Mokowe, upande wa bara ziliko ofisi za kaunti, wakashinda na njaa mchana kutwa, kumbe wamemlilia mtu asiyehusika. Chifu na naibu wake ni watumishi wa serikali kuu. Msimamizi wa wadi ni mtumishi wa kaunti, cheo chake kimewekwa na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, na anayeajiri ni Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Mwakilishi wadi mmempigia kura ninyi wenyewe. Kazi yake ni katika bunge la kaunti: kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuwahoji wanaotumia pesa. Yeye hamwandikii karani barua ya uhamisho, hata akipiga kifua mbele yenu kwamba ndiye aliyemwondoa. Juu ya hao, mji una manispaa yenye bodi na meneja wake. Na sisi wa Amu tuna la ziada: mji wa kale uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo ukigusa ukuta, watu wa makumbusho nao wana neno. Mtaro mmoja unaopita nyuma ya nyumba yako unaweza kuwa na ofisi tatu juu yake. Mtu mmoja akihama, kila ofisi hudhani nyingine inajua.

Sasa niseme la mabadiliko yenyewe. Badiliko kubwa kuliko yote nililoliona ni la 2013. Baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi, mabaraza ya zamani ya miji na wilaya yalikwisha, kaunti zikaanza, na sisi wafanyakazi tukachukuliwa kama tulivyo. Mamlaka ya Mpito, iliyosimamia kuhamia kwenye kaunti, ilitaka hesabu ya mali na madeni. Tukahesabu. Nakumbuka mimi na mwenzangu tukiwa tumepiga magoti ghalani tunahesabu makoleo, mapipa, meza zisizo na mguu mmoja, na kila kitu kinaandikwa namba kwa rangi nyeupe. Kazi ile ilifanywa kwa uaminifu. Lakini fomu tulizojaza sisi zilikuwa na mahali pa kuandika koleo na mahali pa kuandika deni la umeme. Hapakuwa na mahali pa kuandika kwamba watu wa mtaa fulani wameahidiwa taa mbili na kifuniko cha mtaro. Ahadi zile zilikuwa vichwani mwa watu. Wale watu walipopangiwa kazi nyingine, zikaenda nao.

Nikupe kisa cha miaka ya baadaye, ofisi sitaitaja. Afisa mmoja alipewa barua ya uhamisho Ijumaa mchana, aripoti kituo kipya Jumatatu. Alikuwa mtu mwema, tena mwenye heshima kwa wazee, watu wanampenda. Alikusanya vitu vyake jioni ile, akaniachia funguo akiwa mbiombio kuwahi boti. Kaimu alipoingia, mtoto wa meza ulikuwa umekwama. Tukauvuta na fundi hadi ukatoka. Ndani, chini ya bahasha za kadi za harusi, palikuwa na barua 11 za wananchi ambazo hazijawahi kufika masijala. Hazikuwa na muhuri wa kupokelewa. Hazikuwa na namba ya folio, ile tunayoandika kwa kalamu nyekundu juu upande wa kulia. Kwa macho ya ofisi, barua hizo hazikuwahi kuandikwa.

Moja ilikuwa ya mama mmoja wa Langoni. Ameandika kwa mkono, karatasi ya daftari la shule, hati nzuri, akieleza kwamba mvua ikinyesha maji ya mtaro humwingilia hadi ndani ya daka, ule ukumbi wa mlangoni. Amechora na kamchoro: mlango, mtaro, na mshale wa maji. Tarehe yake ilikuwa ya miaka mitatu nyuma. Nilikwenda mwenyewe baada ya kazi. Nikakuta ameshapandisha kizingiti kwa mawe na saruji, kwa pesa zake za kusuka makuti na kuuza vitafunio. Hakunigombeza. Aliniambia tu, “Mimi nilimpa mkononi, mwanangu, na akanambia nisiwe na shaka.” Neno lile “mkononi” ndilo linaloniuma hadi leo, kwa sababu yeye aliona kumpa mkubwa mkononi ndiyo heshima na ndiyo hakika, kumbe pale mkononi ndipo barua ilipopotelea.

Ndiyo maana nakuomba, ndugu wa Gadeni, usimtafute yule msimamizi aliyehama kwa simu. Atakuwa na huruma, atakwambia “nitaongea nao,” na hana tena uwezo wa kuongea nao. Tafuteni barua yenu iko kwenye faili gani. Mlipoipeleka, ilipigwa muhuri? Nakala yenye muhuri na tarehe mnayo? Kama mnayo, hamuanzi upya hata kidogo. Mnaandika barua mpya fupi inayosema “rejea barua yetu ya tarehe fulani iliyopokelewa ofisini kwenu,” mnaambatisha nakala ya ile ya kwanza, na mnaielekeza kwa cheo: Msimamizi wa Wadi, nakala kwa msimamizi wa kaunti ndogo, nakala kwa meneja wa manispaa. Jina la mtu msiliweke. Barua yenye jina la mtu nimeiona kwa macho yangu ikitumwa kumfuata mwenyewe kituo kipya, kana kwamba ni barua yake ya nyumbani.

Kisha muulizeni kaimu, kwa adabu, kama alipokea ripoti ya makabidhiano. Swali hili lina nguvu kuliko kelele. Kila afisa anayeondoka anatakiwa kumwachia mwenzake maandishi: kazi zilizokwisha, zilizokwama na zinakokwama, pesa zilizobaki, mali aliyokuwa nayo, malalamiko ambayo hayajajibiwa. Wapo wanaoandika kurasa 10 safi. Wapo wanaoandika nusu ukurasa ya magari na kompyuta, basi. Kaimu naye mumwonee imani. Ameketishwa kwenye kiti ambacho hajui kama atakaa mwezi au mwaka, anaogopa kutia sahihi jambo la mwenzake, na faili alilopewa lina kurasa zilizoruka namba. Mkimletea nakala yenye muhuri mnamsaidia, kwa sababu sasa ana karatasi ya kushika anapokwenda kuomba mafundi.

Mkikataliwa kuonyeshwa, sheria ipo. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa itoe uamuzi ndani ya siku 21. Wakinyamaza, mnaipelekea Tume ya Haki za Utawala, wale wa Ombudsman. Na kama mambo ni mazito, Sheria ya Serikali za Kaunti inawaruhusu kuwasilisha ombi rasmi kwa bunge la kaunti. Lakini kwa mtaro wa Gadeni sidhani mtafika huko. Mara nyingi barua ya pili yenye rejea hutosha. Nimeona makarani wakiruka kwenye viti kwa sababu ya neno “rejea.”

La huyo mkuu wa wafagiaji aliyestaafu nalisema kwa moyo mzito, maana nadhani namfahamu, na hata kama siye, wa namna yake ni wengi. Umri wa kustaafu katika utumishi wa umma ulipandishwa kutoka miaka 55 hadi 60 mwaka 2009, na wale walioajiriwa na mabaraza ya zamani wakiwa vijana wamekuwa wakiondoka mmoja mmoja. Kila anayeondoka huchukua ramani isiyochorwa popote. Mmoja wao nilitembea naye asubuhi, kabla jua halijakali, tangu Mkomani hadi mwisho wa mji. Punda wa taka yuko mbele, yeye nyuma na fimbo asiyoitumia. Kila hatua anasema: hapa chini pana kifuniko, kimefunikwa na saruji ya mwenye nyumba. Hapa maji hukwama maji yakijaa baharini, ngojeni yapwe ndipo mzibue. Huyu mzee wa nyumba hii mgonjwa, msipige kelele. Hakuna hata moja lililoandikwa.

Siku ya kumuaga ilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Mahamri na mbaazi, kahawa, hotuba, akapewa kanzu na saa ya ukutani. Mkubwa akasema pengo lake halitazibika. Nikawa nafikiri: basi kwa nini hatukumpa karani mmoja atembee naye juma moja na daftari? Hilo ndilo ninalowaomba ninyi wa mtaa mlifanye wenyewe. Mzee yuko hai, yuko nyumbani. Mpelekeeni kijana anayejua kuandika, ampitishe mitaro yote ya Gadeni, na karatasi hiyo muiambatishe kwenye barua. Atafurahi kuliko alivyofurahia ile saa.

Kuhusu habari kufika barazani kwanza, hapo ofisi zina kosa, na sisi tuliokuwa ndani tuna sehemu yetu. Mtu akifariki Amu, kabla ya adhuhuri mji mzima unajua azikwa saa ngapi na msikiti gani. Afisa anayeshika mitaro yenu akiondoka, mnajua kwa kukuta mlango umefungwa. Tangazo la ukurasa mmoja lingetosha: nani ameondoka, nani amekaimu, tangu lini, anapatikana siku zipi upande wa kisiwani na siku zipi Mokowe, na malalamiko yaliyo wazi ni mangapi. Libandikwe pale Mkunguni mbele ya ngome, ambako kila mtu hupita akienda sokoni, na lisomwe misikitini na kanisani. Niliwahi kulipendekeza nikiwa kazini, nikaambiwa habari za wafanyakazi ni siri. Mshahara wa mtu ni siri yake, sawa. Jina la anayeshika wadi na mlango anaopatikana haviwezi kuwa siri kwa watu wa wadi hiyo.

Sasa hivi tazameni kama ile nakala ya barua yenu mnayo. Jumamosi baada ya sala ya alasiri nitakuwa Mkunguni, kwenye viti vya chini ya mti. Njooni nayo, na kama hamna nakala njooni na yule aliyeipeleka, akumbuke siku na meza aliyoiweka. Nitakuja na kalamu na karatasi, tuiandike ya pili pale pale.