Kuunganisha wiki ya timu na hifadhi ya nyaraka: ushauri kutoka kiwandani Mwanza

Ninasimamia mifumo ya kompyuta katika kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza, na tangu Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria mwaka 1999, anayeuza huko anajua kwamba mkaguzi huuliza nyaraka kabla ya kuuliza samaki. Sisi tunatumia MediaWiki, programu ya wiki (yaani tovuti ambayo wafanyakazi wenyewe huiandika na kuihariri), kwa maelezo ya kazi ya kila siku, na Nextcloud, programu ya kuhifadhi mafaili kwenye seva, kwa taratibu zilizosainiwa, majibu ya maabara na fomu za joto la vyumba vya baridi.

Kabla ya kugusa mipangilio yoyote, amueni kipi kitakaa wapi. Kwa maoni yangu, hati yoyote inayohitaji saini ikae kwenye hifadhi ya nyaraka peke yake, na wiki ibaki na ufafanuzi pamoja na kiungo cha kuifikia. Anayepakia nakala ya PDF kwenye wiki, hata kwa nia njema, anatengeneza hati mbili zitakazoachana siku ya kwanza mojawapo itakapohaririwa.

Viungo ndivyo vinavyohitaji uangalifu zaidi. Kiungo kinachofuata majina ya folda hufa mara tu mdhibiti ubora anapobadilisha folda ya “Ubora” kuwa “Ubora na Usalama”, naye ana haki ya kufanya hivyo bila kumwomba mtu ruhusa. Nextcloud hulipatia kila faili namba yake, na kiungo cha ndani chenye “/f/” kikifuatiwa na namba hiyo huendelea kufanya kazi hata faili likibadilishwa jina au kuhamishwa folda, mradi halijapelekwa kwenye hifadhi ya nje. Tahadhari ni kwamba anayefuta faili la zamani na kupakia jipya lenye jina lilelile huzalisha namba nyingine. Kwa hiyo wafundisheni watu kupakia toleo jipya juu ya la zamani, jambo ambalo pia huhifadhi matoleo yaliyotangulia.

Kwa upande wa MediaWiki, ongezeni kiambishi, kwa mfano “hati”, kwenye jedwali la viungo vya wiki nyingine (interwiki), ili mwandishi aandike [[hati:48213|Usafishaji wa meza za minofu]] na mfumo ujaze wenyewe anwani ya faili la Nextcloud lenye namba hiyo. Seva ikibadilishiwa anwani, mtarekebisha mstari mmoja badala ya kupekua kurasa zote.

Kuhusu ruhusa, msitegemee wiki kuficha ukurasa mmojammoja, kwani MediaWiki haikujengwa kwa kazi hiyo na watengenezaji wake wanalisema waziwazi. Mikataba na mishahara isiandikwe humo kabisa. Akaunti moja ya LDAP, yaani orodha kuu ya watumiaji ambayo programu nyingi huweza kuisoma, kwa mifumo yote miwili inatosha kuwaondolea watu kero ya nywila mbili. Kisanduku kimoja cha kutafutia kila kitu, ambacho mameneja hukitamani sana, kinaweza kusubiri.

Hati iliyopitwa na wakati msiifute. Ihamishieni folda ya kumbukumbu, mkiiacha na ruhusa ya kusoma kwa walewale waliokuwa nayo, kwa sababu namba haibadiliki lakini kiungo humgomea asiye na ruhusa, na mkaguzi anayefuatilia shehena ya mwaka jana atataka utaratibu uliotumika wakati huo, wala si wa leo.