Karakana ya Mama Fundi: Kidole kwanza, pesa baadaye

Mwezi uliopita niligusia vile vigari ambavyo huku kwetu Nakuru tunaviita bagi: viti viwili ubavu kwa ubavu, usukani kama wa gari, nguzo za chuma juu na tairi nono za kupanda popote. Sikujua nimechokoza nyuki. Barua ni nyingi, na nyingi zinauliza jambo lile lile, kwa hiyo nimechagua chache na nitaanza na ya dada wa Solai kwa sababu yeye bado hajatoa pesa.

*Mama Fundi, hujambo. Nina ng'ombe kumi na wawili huku Solai. Kituo cha maziwa kiko kilomita sita na mvua ikinyesha bodaboda hazifiki kwangu. Kuna mtu Naivasha anauza Polaris RZR XP 1000 ya 2015, nyekundu, inang'aa. Mita inasoma kilomita 3,900 na saa 410. Anaitisha laki tisa na nusu, na anasema kuna mteja mwingine anakuja Jumamosi. Nimlipe?*
*– Mfugaji, Solai*

Huyo mteja wa Jumamosi namjua. Amekuwa akija kila Jumamosi tangu nishike spana mwaka 1994, na sijawahi kumtia machoni.

Dada, chukua hizo kilomita uzigawe kwa saa. Unapata tisa na nusu. RZR ni farasi wa mbio. Mtu akiinunua kwa raha zake haendi kilomita tisa kwa saa, hata mwenye baiskeli angempita. Hiyo bagi imenguruma sana ikiwa imesimama, au imetambaa kwenye msafara, ya tatu au ya nne kwenye foleni, ikimeza vumbi la wa mbele. Sisemi imeharibika. Nasema injini huhesabu saa, na muuzaji amekutajia kilomita kwanza kwa sababu ndizo zinazopendeza.

Na vumbi la bondeni si vumbi la kupangusa na kitambaa. Waliosimama kando ya barabara tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 wanaijua fesh-fesh, ule unga unaomeza gurudumu zima. Njoo upande wetu kidogo, Kariandusi karibu na Elmenteita, kuna mgodi wa diatomaiti: magamba ya mwani wa ziwa la kale, silika tupu. Viwandani hutumika kuchujia vinywaji, na pia kung'arishia chuma. Chuma! Sasa fikiria unga wa namna hiyo ukipenya kati ya pistoni na silinda kwa saa 410.

Kwa hiyo ukifika Naivasha, usiizunguke ukisifu rangi. Omba bisibisi. Fungua kifuniko cha filta ya hewa, toa filta, kisha legeza bomba linalotoka hapo kwenda kwenye injini. Pitisha kidole ndani ya bomba, upande ule wa injini, ukisugue mpaka kwenye kona. Kikitoka safi, au na unyevu kidogo wa oili, endelea na ukaguzi. Kikitoka na unga wa rangi ya udongo, rudisha bomba mahali pake, shukuru kwa chai, nenda stendi ukapande matatu.

Usidanganywe na filta yenyewe. Mwaka 2016 nilinunua bagi shambani upande wa Rongai. Filta ilikuwa nyeupe kama shela la bibi harusi nami nikaridhika, mimi niliyekuwa na miaka ishirini na miwili kwenye kazi. Sikutia kidole. Wiki ya saba ikaanza kutoa moshi wa buluu. Nilipovua kichwa cha injini nikaona mikwaruzo kwenye silinda, ya kushuka, ambayo ukucha uliweza kunasa. Muuzaji alikuwa ameweka filta mpya siku moja kabla sijafika. Filta mpya inakuambia juu ya jana tu. Bomba linakumbuka miaka.

Kidole kikitoka safi, sasa mengine. Fika asubuhi na uweke kiganja kwenye injini kabla haijawashwa. Ikiwa na joto, mtu ameihangaikia kabla hujaja, subiri ipoe. Chomoa kijiti cha oili: oili ya rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji. Nenda na fundi mwenye kipimo cha kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, apime silinda zote mbili. Zikitofautiana sana, bei imeshuka au safari imeisha. Inua mbele kwa jeki, shika gurudumu juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Likicheza juu-chini, beringi au bolijointi imekwisha. Likicheza kushoto-kulia, ni tairodi, ile fimbo ya usukani. Kagua mipira ya ekseli, ule uliopasuka humwaga grisi na kuruhusu mchanga. Mwisho lala chini, nyuma, pale mikono mirefu ya magurudumu inaposhika fremu. Ukiona rangi mpya mahali pamoja tu, uliza ni nini kilichofichwa. Kwa kawaida ni ufa uliochomelewa.

Lakini hata ikipita yote hayo, mimi singeinunua kwa kazi yako. Sanduku la nyuma la RZR XP 1000 hubeba kilo 136. Kopo la lita 50 likijaa, pamoja na chuma chake, ni kama kilo 60. Makopo mawili umemaliza. Polaris Ranger XP 900, ndugu yake wa shambani, hubeba kilo 454 nyuma, yaani makopo saba, na sanduku lake humwaga kama tipa. Kawasaki Mule nayo iko sokoni tangu 1988, haina mbio wala maringo. Ukipata Honda Pioneer 700 iliyotunzwa, hiyo haina belti ya kuungua kabisa, ule mkanda unaopeleka nguvu za injini kwenye magurudumu. Na kwa belti, tumsikilize ndugu yetu wa Ahero.

*Mama, habari za siku? Nina bagi ya kazi kwenye mashamba ya mpunga huku Ahero. Mwaka huu pekee nimebadilisha belti ya klachi mara tatu. Fundi wa hapa anasema belti za siku hizi ni plastiki tupu. Mashine nimeitunza vizuri, hata niliiwekea tairi za matope za inchi 28 badala ya zile 25 zilizokuja nayo.*
*– Mkulima, Ahero*

Umejijibu, baba, katika sentensi ya mwisho.

Tairi ya 28 ni kubwa kuliko ya 25 kwa asilimia 12, na ni nzito. Ni kama umeondoa gia nyepesi ukaweka nzito, kisha ukaingia kwenye udongo mweusi wa Kano, ule unaojikunja juu ya tairi hadi kila gurudumu linakuwa na ukubwa wa sufuria ya arusi. Injini inavuta, puli ya mbele inazunguka, magurudumu yamekataa. Kitu pekee katikati ni belti, nayo inateleza papo hapo na kuungua. Harufu utaijua: kama kandambili iliyoanguka jikoni.

Kama hukuzitupa belti tatu za zamani, zitandaze mezani. Yenye bonde mahali pamoja, kama imeng'atwa pande zote mbili, iliungua umekwama ukiendelea kukanyaga. Iliyong'aa kote kama kioo imeteleza muda mrefu, kwa mzigo au kwa maji. Nabashiri mbili ni za aina ya kwanza.

Dawa ya kwanza haina gharama: gia ya L, ile ya nguvu na mwendo mdogo. Iko pale kwa ajili yako. Ukiwa chini ya kilomita 11 kwa saa hivi, au umevuta trela, au unapanda kutoka jaruba hadi barabarani, weka L. Watu wengi huona L ni ya wazee, wakabaki H, ile ya mbio, mpaka moshi. Ukikwama, achia mafuta, shuka, chimba. Usikanyage ukiomba Mungu.

Ya pili, maji. Kasha la klachi, ambamo belti hukaa, lina bomba la kuvutia hewa na tundu la kutolea maji chini. Ukivuka mfereji na bagi ikaanza kunguruma bila kwenda, maji yameingia. Simama, weka nyutro, fungua kile kizibo cha chini, kisha ukanyage na kuachia mafuta kwa sekunde kumi na tano hivi. Ukifuliza safari belti ikiwa mbichi, umenunua ya nne.

Ya tatu ni jinsi inavyobadilishwa. Nimefungua makasha mengi nikakuta nyuzi nyeusi za belti iliyokufa zimejisokota nyuma ya puli kama nywele za wigi kwenye mfereji. Fundi alitoa vipande vikubwa, akavalisha mpya, akafunga. Kila uzi utoke. Nyuso za puli zioshwe kwa dawa ya breki zikauke, na zisiguswe na grisi wala mkono wa mafuta. Maandishi ya belti yasomeke upande ule ule kama yalivyokuwa. Halafu kilomita 80 za kwanza uende taratibu, bila mzigo mkubwa, belti na puli zizoeane. Hapo ndipo utajua kama kweli ni plastiki.

Na uoshe rejeta. Udongo wa Kano ukikauka humo ni tofali. Tumia bomba la kawaida la maji, kutoka nyuma kwenda mbele. Mashine ya presha huvikunja vile vipezi vya alumini na hapo hewa haipiti tena.

Tairi za 28? Kama huwezi kuachana nazo, tafuta fundi wa kurekebisha uzito na springi za klachi. Mimi ningerudisha 25.

*Mama Fundi, nilinunua bagi Kisumu ikiwa na nguvu kama ndovu. Nimeileta Mau Narok imekuwa mbuzi. Nimebadilisha plagi, filta, hata petroli. Nimeibiwa?*
*– Mwenye viazi, Mau Narok*

Hujaibiwa, umepanda mlima. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari, na wewe umepita 2,500. Injini hupoteza takribani moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000, kwa sababu hewa ni nyepesi. Kompyuta hupunguza petroli ilingane na hewa iliyopo, lakini haiwezi kuumba hewa. Kinachobaki kufanya ni kwenye klachi: puli ya mbele ina vijiwe vya chuma, na kwa nyanda za juu huwekwa vyepesi zaidi ili injini ifikie mzunguko wake kabla ya kupandisha gia. Kitabu cha mashine yako kina jedwali la vijiwe kulingana na mwinuko. Viazi vyako vitashuka mlima vizuri, ni kupanda tu kutakakokuwa kwa adabu.

*Mama, mambo? Nimepata bagi yangu ya kwanza hapa Kakamega. Nataka kuipiga sop-sop: taa ndefu za LED juu, ekzosi ya kelele, tairi za 32, spika nne. Nianze na gani?*
*– Kijana, Kakamega*

Poa, mwanangu. Anza na mikanda ya viti. Ivute kwa nguvu ghafla, ione kama inakaba. Kama imechakaa kwa jua, hiyo ndiyo sop-sop yako ya kwanza.

Ya pili, sahani nene ya kukinga tumbo, maana visiki vya miwa havina huruma. Ya tatu, winchi. Chukua uzito wa bagi, watu na mzigo, zidisha mara moja na nusu. Bagi ya kilo 650 yenye watu wawili na vitu vyao inafika 900, kwa hiyo unataka ya kuvuta kilo 1,350 kwenda juu. Ile inayoandikwa pauni 3,500 ni kilo 1,588, inatosha. Kwa matope ya kwenu, 4,500 haitakuudhi. Kamba iwe ya sintetiki iliyotengenezwa kwa winchi. Ya waya ikikatika hupiga kama panga.

Taa sawa, lakini fanya hesabu. Wati 200 ni ampea 15 hivi, na spika zina njaa yao, na winchi ikizidiwa huvuta zaidi ya ampea 200. Betri moja ndogo haiwalishi wote. Pima kwa mita: injini ikizunguka na kila kitu kimewashwa, ukiona chini ya volti 13, unakula akiba. Kila waya uwe na fyuzi yake, karibu na betri. Tairi za 32 soma nilichomwambia mzee wa Ahero. Ekzosi ya kelele sina la kusema, majirani watakuambia.

*Je, naweza kwenda nayo mjini?* Hili limeulizwa na watu watano. Kama ina namba, logbuku inayosoma namba ya fremu ile ile uliyoigusa kwa mkono wako, na bima, hayo ndiyo mazungumzo. Uhamisho wa umiliki unafanywa kwenye mtandao kupitia eCitizen, muuzaji akiwa amekaa kando yako, kabla hujatuma shilingi ya mwisho. Kama muuzaji anasema "karatasi zitafuata", na pesa zifuate.

Na yule aliyeuliza kwa nini bagi zina nyavu au milango ilhali gari halina mbio: mwaka 2018 niliangusha moja kwenye mteremko wa Menengai, mwendo wa kutembea, sikuwa nimefunga wavu. Ilipoanza kulala ubavu nikatoa mkono kuizuia, kama vile nazuia mbuzi. Fremu haikukunjika hata kidogo. Kiwiko changu cha kushoto, hata leo, hujua mvua ya Bahati inakuja kabla ya redio.