Kompyuta inajuaje umri wangu?

SWALI: Shikamoo dokta, eti kompyuta inaweza kusoma damu ikajua mtu kazeeka kiasi gani? Mama ana sukari, nataka nimpeleke akapimwe.

JIBU: Marahaba mwanangu. Ni kweli, 2013 mtafiti Steve Horvath, akiwa chuo kikuu cha UCLA kule Marekani, aliilisha kompyuta sampuli kama 8,000 za damu, ubongo, ini na kadhalika, ikachambua alama za kemikali zinazoshikamana na DNA (ile inayobeba urithi ndani ya seli), alama zinazobadilika mtu akizeeka, ikabaki na sehemu 353 tu za hiyo DNA, na kwa hizo ikakisia umri, kwenye majaribio nusu ya makisio yalikosea chini ya miaka 3.6, yani mi mpaka leo inanishangaza! Ila hicho ni kipimo cha utafiti, hakisemi mama apewe dawa gani. Hiyo hela mpimie sukari, presha na figo.