Uzamivu wa ikolojia ya jamii: andiko langu linakwama wapi?

Swali: Shikamoo Daktari. Nimemaliza shahada ya uzamili ya usimamizi wa wanyamapori Morogoro. Mara tatu nimeomba nafasi ya uzamivu wa ikolojia ya jamii nje ya nchi, mara tatu nimekataliwa. Andiko langu linahusu ushiriki wa wanavijiji katika uhifadhi. Nakosea wapi?

Jibu: Marahaba. Neno "jamii" ndilo lililokupoteza, na wengi limewapoteza. Hapa jamii si watu wa kijiji, ni spishi zinazoishi pamoja mahali pamoja: nani anamla nani, nani anamnyima mwenziwe nafasi, nani anamkinga. Uhifadhi shirikishi ni taaluma ya maana na ina maprofesa wake. Andiko lako limekuwa likifika kwa watu wasiohusika.

Tazama kazi ya Mkenya Douglas Kamaru, aliyoifanya akiwa mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Wyoming. Kule kwenye hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia, sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa waliwaangamiza sisimizi wenyeji, ambao huilinda migunga kwa kuwauma tembo. Tembo wakaivunja miti, mbuga ikawa wazi, simba akakosa pa kujibanza anapomnyatia pundamilia. Mwaka 2003 pundamilia walikuwa asilimia 67 ya mawindo ya simba. Kufikia 2020 wameshuka hadi 42, na nyati wamepanda kutoka sifuri hadi 42. Jarida la Science lilichapisha matokeo hayo Januari 2024. Toka kwa sisimizi hadi kwa simba! Msimamizi akiona swali la namna hiyo, anasimama kulisoma.

Basi usianze na ufadhili, anza na msimamizi. Soma makala zake mbili tatu, kisha mwandikie barua pepe fupi yenye swali lako. Marekani ombi huwa na uzito pale profesa anapokuwa tayari kukupokea, na vyuo vingi hufunga dirisha kati ya Desemba na Januari. Ujerumani, Uholanzi na Sweden nafasi nyingi hutangazwa kama ajira, mshahara upo na mradi umeshapangwa. Huko eleza unavyoufaa mradi wao. Ukitaka kubaki ukanda wetu, waulize DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili masomo.

Takwimu usizikwepe. Jedwali la spishi mia kwa viwanja hamsini halichambuliki kwa mkono, kwa hiyo jifunze programu ya R sasa. Ukija kufanya utafiti wa wanyamapori Tanzania, vibali vya COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) vianze kushughulikiwa miezi mingi kabla.

Kabla ya kuandika kurasa nyingine kumi, nitumie swali lako jipya kwa sentensi mbili.