Kabla Hujaipenda Fonti ya Kizamani, Iandikie KAHAWA

Juzi kijana mmoja wa Makambako kanitumia ujumbe: "Kaka shikamoo, nitajie fonti moja kali ya kizamani, nina kazi ya bango la saluni." Nilianza kumwandikia jina, nikalifuta. Mimi pia niliwahi kuwa na jina la fonti kali, yaani mtindo wa herufi, na hadi leo nadai laki moja na themanini kwa sababu yake.

Ilikuwa miaka minne iliyopita. Mama mmoja mwenye mgahawa Kabwe, Mbeya, jirani kabisa na barabara kuu ya Tunduma, aliniita akasema, "Mwanangu, nataka bango lenye heshima, lionekane la zamani." Nikarudi nyumbani nimejaa moto. Usiku huohuo nikapakua fonti ya serifu, zile herufi zenye vimiguu kwenye ncha, nene upande mmoja na nyembamba kama uzi upande mwingine. Kwenye kompyuta ilikuwa inang'aa, nakwambia. Nikaiweka kwenye stetasi, watu wakamwaga makopakopa. Mama akaiona kwenye simu yangu, akatoa nusu ya hela palepale.

Balaa lilianzia kwenye mashine ya kukata stika. Nilipokuwa nabandua mabaki, zile nyuzi zilikuwa zinaondoka nayo. Nilikesha na wembe nikizirudishia moja moja, baridi ya mwezi wa saba mnaijua wenyewe. Asubuhi bango likapanda. Nikavuka barabara ili nilipige picha, nikageuka.

Hakukuwa na KAHAWA pale juu. Jamani, litazameni hilo neno. Kwenye fonti za aina ile, A ina mguu mnene wa kulia tu, wa kushoto ni uzi. H ni nguzo mbili zilizoungwa kwa uzi. K mkono wake wa juu ni uzi. W ni mnene, uzi, mnene, uzi. Ukisogea mbali nyuzi zote zinapotea, zinabaki fito zilizoegemeana. Bodaboda mmoja aliyekuwa anasubiri abiria akaniuliza, "Bro, hapo wanafungua duka la mbao?"

Mama hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alinyamaza, nusu iliyobaki hakuitoa, na wiki iliyofuata akamwita mzee mmoja fundi wa brashi. Nilipita kama sina habari, kumbe nakagua. Mzee naye alichora herufi za vimiguu, zenye mikunjo ya kizamani hasa, lakini sehemu yake nyembamba kuliko zote ilikuwa pana kama kidole gumba. Lilisomeka hadi ng'ambo ya barabara. Mimi niliyesomea kompyuta nikashikishwa adabu na brashi!

Baadaye nikasoma nikaelewa. Zile herufi nene zenye nyuzi zilishika kasi London mwanzoni mwa karne ya 19, kwa ajili ya matangazo ya karatasi. Yalichapwa kwa wino, yakabandikwa ukutani, mtu akasimama mbele yake akasoma. Hazikuwazia stika, vumbi, wala abiria aliye ndani ya basi linalokimbilia Tunduma.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Makambako, usiniulize jina kwanza. Andika neno la mteja wako, lile lile. Hizi fonti zinauzwa kwa mkia wa Q na mapambo ya R, na Kiswahili hakina hata shughuli na Q. Sisi tuna a, k, w, i, u kila kona, na tuna ng' ambayo fonti nyingine za mapambo zinaitolea kiboksi kitupu badala ya kile kialama cha juu. Jaribu kwa ukubwa halisi, hata kwa kuunganisha karatasi za A4 kwa gundi. Bandika mlangoni, vuka barabara, tazama. Halafu tazama tena.

Na ukiona neno "bure" usikimbilie kupakua. Nyingi ni bure kwa matumizi binafsi tu, kazi ya mteja ni biashara. Playfair Display na Abril Fatface zina leseni huria, zipo Google Fonts, lakini zote mbili zina nyuzi, hivyo nimeshakuonya.

Vijana tunapenda kazi inayopendeza kwenye simu kuliko inayomwingizia mteja wateja. Nasema tunapenda, nami nimo. Tunatafuta sifa za mafundi wenzetu ambao hawatakaa wanywe hiyo kahawa.

Mwezi uliopita nilipewa kazi ya pakiti za kahawa ya Mbozi. Safari hii nilichukua herufi za ukoo wa Cooper Black, aliyoichora Oswald Cooper wa Chicago ikatoka mwaka 1922: nene, mviringo, vimiguu butu, hakuna uzi wa kupotea. Nikaitumia kwenye jina la kahawa tu, maelezo ya nyuma nikayaandika kwa fonti ya kawaida. Mteja kaagiza pakiti nyingine mia tano. Sijisifu, lakini mia tano ni mia tano.

Pakiti moja nilimpelekea yule mama. Akaishika kwa mkono ulionyooka, akaisoma bila miwani, akacheka, akaniletea chai na chapati mbili. Kuhusu ile laki na themanini hakusema kitu.